Bibi wa Mlango wa Buluu na Filamu Isiyokatwa

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, jua likiwaka, hapa hapa Galbet, Garissa, na mashahidi wangu wako hai, wanakunywa chai kila asubuhi. Wewe kaa nikueleze.

Mimi ni mpiga video wa harusi, upande wa wanawake. Kwetu mwanamume havuki pazia la akina mama, kwa hiyo kazi hiyo ni yetu, na wakishaanza kuimba na kucheza hawakungoji ubadilishe mkono. Nimeshika kamera saa mbili bila kuishusha, bega linawaka moto, picha imetulia tuli. Sijisifu bure. Ndiyo maana Abdirizak, mwalimu wa shule ya msingi mwenye wazimu wa kuigiza, alinitafuta mimi. Alikuwa na hadithi ya mtu anayekimbizwa mjini kwa kosa asilolitenda, na alitaka filamu nzima ipigwe kwa mkupuo mmoja. Kamera iwashwe mara moja, izimwe mara moja, katikati hakuna kukata. Garissa hii vijana wenye kamera kubwa kubwa wamejaa. Mbona hakuwaendea wao?

Mama yangu hakupenda. Kupiga harusi kwake ni sawa, ni kuwasaidia watu, lakini binti yake kukimbia mitaani na mashine begani? "Siku utakayotengeneza kitu ambacho watu wazima wanaweza kukiheshimu, nitakuja kukitazama," aliniambia. Yaliniuma, nikayameza. Na ukweli usemwe, filamu ile yote niliipiga kwa ajili ya macho yake mawili.

Tulikuwa na dakika hamsini tu za mwanga mzuri, kabla ya adhana ya Magharibi. Siku ya kwanza mbuzi waliingia katikati ya mambo, tukaacha. Siku ya pili Abdirizak alijikwaa akaanguka kifudifudi. Siku ya tatu ilikuwa ya mwisho, maana Jumatatu yake alikuwa anahamishiwa shule moja ya Wajir.

Siku hiyo kila kitu kilikwenda sawa mpaka dakika ya arobaini. Abdirizak anakimbia mbele, mimi nyuma yake, tunaingia kichochoro chembamba. Mpango ulikuwa anyooke moja kwa moja, akajifiche chini ya mnara wa tangi la maji. Mara nikamwona ajuza ameketi kwenye mkeka, mbele ya mlango wa buluu.

"Asalamu alaikum," akasema.

Na Abdirizak akasimama! Mtu anayekimbia kuokoa roho yake! Akaweka mkono kifuani, akajibu, "Waalaikum salaam, ayeeyo," kama anavyosalimiwa nyanya yeyote kwetu.

"Usipite hapo mbele, mwanangu," bibi akamwambia kwa Kisomali. "Zunguka kushoto."

Naye akazunguka kushoto, njia ambayo hatukuipanga kabisa. Ningefanya nini? Nikamfuata. Nilipokuwa nampita yule bibi, alinigeuzia uso. Macho yake yalikuwa meupe, hayaoni.

"Na wewe mwenye mashine, asalamu alaikum."

Nilinyamaza. Unajua vizuri kama mimi kwamba kutoa salamu ni sunna, lakini kuijibu ni wajibu. Lakini sauti yangu ingeingia kwenye filamu ikaharibu kazi ya siku tatu. Niliuma mdomo, nikapita.

Hatukufika mbali. Nyuma yetu kulilia kishindo ambacho sijawahi kukisikia. Mnara ulikuwa umeanguka na tangi lake lililojaa maji, pale pale alipopaswa kujificha Abdirizak, na mimi nyuma yake. Niligeuka na kamera nikainasa, na niamini, haikutikisika. Tulimaliza filamu, na nilipobonyeza kuzima, muadhini akaanza.

Tulirudi mbio kumshukuru bibi. Tukakuta mlango wa buluu una kufuli, na kufuli lina vumbi. Mkeka hakuna. Mama mmoja muuza maziwa wa jirani alitutazama kwa huruma.

"Huyo ni Ayeeyo Dahabo," alisema kwa Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kisomali. "Alikufa mwaka jana. Macho haikuona, lakini kila mguu nabita, yeye nasalimia. Watu wengi walikuwa nabita tu."

Nililigusa lile kufuli. Sasa nilikumbuka. Ni mimi niliyekuwa nikipita mlango ule na begi langu, nimechelewa harusini, miaka na miaka, nasikia salamu naiacha hapo hapo. Kila mara nilijiambia nitamjibu kesho.

Usiku ule niliitazama filamu peke yangu. Mlango umefungwa. Mkeka hakuna, bibi hakuna, sauti ya salamu hakuna. Ni Abdirizak tu, anasimama, anaujibu mlango.

Wiki hiyo alikuja bwana mmoja kutoka Nairobi, anachagua filamu za kuonyeshwa huko. Aliisifu yetu mpaka nikaona haya. Aliniuliza tangi tuliliangushaje. Kisha akasema, "Lakini hapa jamaa yako amesahau, anaongea na mlango. Toa sekunde hizo ishirini, nikupeleke Nairobi. Mtazamaji hatajua."

"Mimi nitajua," nikamwambia. "Hii ni ya mkupuo mmoja. Njoo Jumamosi uitazame na watu wetu, halafu useme tena."

Jumamosi, baada ya Alasiri, ukumbi wa shule ulijaa. Madirisha tuliyaziba kwa mablanketi, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Mama yangu alikaa safu ya tatu, amenyoosha mgongo. Mimi nilisimama nyuma kabisa, kando ya mashine ya kuonyeshea filamu. Ungewaona! Wamama waliwatukana wanaomkimbiza Abdirizak kana kwamba wanasikia. Mzee mmoja alisimama na bakora yake kumwonyesha njia ya kutokea.

Ikafika dakika ya arobaini. Mlango wa buluu ukatokea. Spika hazikutoa sauti yoyote, naapa. Kisha ukumbi wote, wanaume kwa wanawake na watoto waliopakatwa, ukasema kwa pamoja:

"Waalaikum salaam."

Yule bwana wa Nairobi aligeuka huku na huku. "Wanamjibu nani?"

"Wewe hukusikia?" muuza maziwa akamwuliza. "Mtu amebewa salamu. Sasa abite tu kama mbuzi?"

Abdirizak akazunguka kushoto. Ikafika pale bibi aliponisalimu mimi. Safari hii hakuna aliyejibu. Vichwa viligeuka nyuma kimoja kimoja, wakanitazama mimi, na mama yangu pia. Sikuwa nimemwambia mtu. Abdirizak mwenyewe alikuwa Wajir, na hata yeye sikumweleza. Wangejuaje?

Nikajibu mbele ya watu wote, kwa sauti ile niliyoinyima. "Waalaikum salaam, ayeeyo. Nisamehe."

Ndipo tangi likaanguka kwenye filamu, na ukumbi ukalipuka kwa takbiri.

Bwana wa Nairobi alinikuta mlangoni, jasho linamtoka. "Usikate," alisema. "Usikate hata sekunde." Niliona fahari, sikufichi, lakini haikuwa kitu mbele ya iliyofuata. Mama alikuja, akaliinua begi la kamera, akashtuka. "Hooyo, ni zito hivi?" Hooyo ni mama, na kwetu mama humwita mtoto wake kwa jina hilo hilo. Akalitia begani, akalibeba mpaka nyumbani, akipitia njia ya sokoni ambayo si ya kwetu, ili watu waone. Kila aliyemwuliza alimjibu, "Ni kamera ya binti yangu. Ndiye aliyeipiga ile filamu."

Tangu siku hiyo, kila ninapowasha kamera, nasikia salamu sikio la kushoto. Tazama video yoyote ya harusi niliyopiga, mwanzoni utanisikia naijibu. Maharusi wengine huniomba niitoe. Siitoi, na wateja hawajapungua.

Basi nawe, ukipita mlango wa mtu ukasikia salamu, simama ujibu, hata kama una haraka ya kuokoa roho yako. Mimi nilibaki hai kwa sababu aliyekuwa mbele yangu alijibu. Wewe mbele yako kuna nani?