Gari la Viti Viwili

Siku hiyo kule Kakiika tulikuwepo muuzaji wa gari, jirani yangu mnunuzi, mama yake, shemasi wa kanisa letu, na mimi na mtoto wangu mgongoni. Tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale kulipokea gari la zamani la mbio kama watu waliofuata bibi harusi.

Muuzaji, mwanajeshi mstaafu, alikuwa amekwisha kuwakatalia wengine, akiogopa gari lake litakatwakatwa liuzwe vipuri. Alitutazama mmoja mmoja.

"Nyinyi wote nakuja kuchukua gari moja?"

"Ndiyo, baba," mama yake mnunuzi akajibu. "Bibi-arusi anachukuliwaka na mutu moja?"

"Lakini iko na viti mbili tu!"

Shemasi akachungulia ndani, akavihesabu kwa kidole. Muuzaji alicheka mpaka akafuta macho, kisha akamtia mnunuzi ufunguo kiganjani.

"Chukua. Gari iko na ndugu mingi hivi, hakuna mtu atakata."

Akawapigia simu wenzake wenye magari kama hilo, waje kutupeleka nyumbani. Wakaja wawili, kila mmoja na kiti kimoja kitupu.

"Panda, mama mtoto," mmoja akaniambia, akikifuta kiti kwa mkono wa shati lake.

Tunasema gari la viti viwili ni la mchoyo. Labda ndiyo maana wenye magari hayo hutembea pamoja.

Mwezi uliofuata hao wenye magari walikutana Nakivale, nyumbani kwa jirani yangu.