Mfalme Okorambe Aenda Kuposa

Katika nyumba ya Edson huko Lakeville, ughaibuni, mfalme Okorambe alijulikana kuliko marehemu babu yake Edson. Okorambe alikuwa na jicho moja la shaba, mama aliyenyonyeshwa na simba, na ugomvi na mdogo wake uliorithiwa vizazi saba. Babu alikuwa na picha moja iliyokunjika, ndani ya droo ya betri.

Okorambe hakuwahi kuishi. Edson alimtunga. Kila jioni akirudi kutoka ofisini, mwanamume huyu mwenye digrii na mvi za kidevu alijifungia chumba cha chini ya nyumba akiumba nchi iitwayo Zavulia, kwa ajili ya mchezo wa mtandaoni anaoucheza na watu wasiojuana sura. Alitunga nani kamzaa nani, nani kamroga nani, kwa nini watu wa kaskazini hawali samaki. Ukimuuliza habari za mlinzi wa lango, alikutajia hata mama mkwe wa mlinzi huyo na ugonjwa uliomuua.

“Wenzako huenda kuvua samaki kwenye barafu,” mkewe Imelda alimwambia. “Ni ujinga wa baridi, lakini angalau hurudi na samaki.”

Imelda ni muuguzi, mtoto wa Bukoba, na mchezo wenyewe haukumkera sana. Kilichomkera ni simu. Shangazi Ikupa akipiga kutoka Tukuyu, Edson alipaza sauti kutoka chini, “Mwambie nitampigia! Niko vitani!” Wala hakupiga. Mtu anayejua ukoo wa mlinzi wa lango ambalo hajapata kulishika hakuwa na nafasi ya kumsikiliza dada wa baba yake.

Ndipo mwana wao Ian akataka kumwoa Maureen, binti wa Elkanah na Peris, Wakenya wa Apple Valley, mji wa jirani. Hakuna kijana aliyewahi kumpendeza Imelda kama binti yule, na tangu siku hiyo aliombea posa hiyo kila usiku. Mshenga wao, Kitwana, alionya mapema: “Kaka, jiandae. Yule mzee atauliza ukoo.”

Edson alicheka. “Historia? Hiyo si ndiyo kazi yangu?”

Jumapili wakaenda. Chai ikanywewa, maandazi yakaliwa, kisha Elkanah akajikohoza.

“Mambo ya mahari nitaongea na mshenga. Mimi nataka kujua damu. Babake babu yako alikuwa nani, na alitoka wapi?”

Edson hakujua hata jina lake. Imelda akaona macho ya mumewe yanawaka, mwako uleule wa chumba cha chini.

“Huyo,” alisema Edson polepole, “alikuwa mtu wa jicho moja. Alivuka milima na ng'ombe tisini, akimkimbia mdogo wake aliyemwonea wivu…”

Alisimulia vizuri, hilo hakuna wa kumnyima. Peris alisahau birika mkononi. Mtu muongo akipewa sauti nzuri ni msiba juu ya msiba.

“Alizikwa wapi?” Elkanah aliuliza.

“Hakuzikwa. Aliingia kwenye ukungu, hakuonekana tena.”

“Na ng'ombe tisini wakamfuata huko huko?”

Ian alikuwa ameinamisha kichwa. “Baba, wacha,” alisema. “Huyo ni Okorambe.”

“Okorambe ni nani?” akauliza Peris.

“Wa kwenye game.”

Elkanah aliweka kikombe chini. “Mzee, umeniletea katuni iniposee binti?”

“Ndugu zangu,” Kitwana aliingilia, “ulimi huteleza…”

“Ulimi hauwezi teleza na ng'ombe tisini,” Peris alimkata.

“Mimi sipeani msichana kwa watu hawana watu,” alisema Elkanah, na Maureen akaanza kulia.

Imelda hakumtazama mumewe. Alitoa simu, akapiga Tukuyu, akaiweka mezani mbele ya Edson, sauti ikiwa wazi kwa wote.

“Shikamoo, shangazi,” alisema Edson.

“Marahaba. Nani amekufa?”

“Hakuna, shangazi. Naulizwa baba yake babu alikuwa nani.”

“Unaulizwa na nani?”

“Wakwe.”

“Ehe. Kwa hiyo si wewe unayeuliza.” Kijiko kiligonga sahani upande wa pili. “Aliitwa Mwakalinga. Alikuwa na kigugumizi. Alikuja na njaa, akalinda migomba ya watu mpaka mkwewe akamkatia kipande cha shamba. Amelala nyuma ya jiko langu. Kaburi limetitia, mwaka jana nilikuomba tulijengee, ukasema uko vitani.”

Elkanah ndiye aliyeinamia simu.

“Asante, mama. Huyo namwelewa. Huyo ako na kaburi.” Kisha akamgeukia Edson. “Lijenge. Halafu umpeleke kijana wako alione. Mkirudi, tutaongea. Kabla ya hapo, chai tu.”

Maureen alifuta machozi. Haikuwa ndiyo, lakini haikuwa hapana.

Ndani ya gari Edson alikaa na ufunguo mkononi. “Kigugumizi,” alisema hatimaye. “Mlinda migomba. Hivi kweli hakuwa na hata ng'ombe mmoja?”

“Mpigie umuulize,” alisema Imelda. “Ila safari hii usimsaidie kusimulia.”