Mwaka Shangazi Torborg Alipooka Chapati za Posta

Kwa miaka hamsini na minane shangazi yangu Torborg Lunde alikula mikate ya makosa ya watu wengine, na hakuwahi kuoka wake.

Desturi ya Nordal, kijiji chetu cha mbugani, ni hivi. Baridi ikianza kulegea, kila mtu hutega sikio asubuhi. Atakayemsikia kipozamataza wa kwanza akiimba uani kwake hupiga simu posta, na Olena Hrytsak, mwenye posta, huandika jina na tarehe kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya visanduku vya barua. Zawadi hakuna. Ila ukipiga simu, kisha ikajulikana kuwa hukumsikia, unaoka. Wiki nzima kila anayekuja kuchukua barua anakula kosa lako palepale kaunta, akitafuna polepole ili ulione. Olena mwenyewe ameoka mara tatu. Mara moja aliyekuwa akiimba alikuwa mumewe, akipiga mluzi ndani ya banda la trekta.

Ndege mwenyewe si mkubwa. Mgongo wake una rangi ya nyasi zilizokauka, kifua ni cha njano, na shingoni amevaa alama nyeusi kama mkufu. Hukaa juu ya nguzo ya ua na kuimba wimbo mfupi unaoteremka, kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba. Ukiusikia wakati theluji bado imelala mitaroni, unasimama ulipo.

Shangazi alisimama hivyo mara ya kwanza akiwa bi harusi wa miezi sita. Alikuwa ametoka kaskazini, kwenye misitu, na mbuga hii isiyo na pa kujificha ilimtisha. Aliniambia kwamba majira ya baridi ya kwanza alilia kila siku baada ya chakula cha mchana, kwa sababu asubuhi alikuwa na kazi nyingi. Mumewe, mjomba Einar, hakuwa mtu wa maneno. Alimwambia tu, "Ngoja ndege aje." Asubuhi moja ya Aprili shangazi alikuwa akianika mashati yaliyokuwa yakigandia mikononi mwake kama mbao. Wimbo ukatoka kwenye nguzo ya malisho, hatua ishirini kutoka alipokuwa. Shati likamdondoka. Jioni ile alichukua daftari dogo lililotolewa bure na wauza mbegu akaandika tarehe, na neno moja: *Amekuja.*

Daftari lile lilifuatwa na mengine. Nikiwa mtoto nililala kwake likizo zote za masika, na nilijifunza kusoma tarakimu kutoka kwenye kurasa zake. Bata bukini wa kwanza kupita juu, wakibishana. Korongo wa kwanza, walio juu sana kiasi kwamba unawasikia kabla hujawaona. Siku ambayo wale ndege wadogo wenye utosi mwekundu, wageni wetu wa baridi, waliondoka kurudi kwao kaskazini kabisa. Nje ya dirisha la jikoni kulikuwa na ubao wa mbegu za alizeti, na pembeni yake kikapu cha waya chenye mafuta ya ng'ombe kwa ajili ya kigogota. Kindi aliyekuja kuiba alikunja mikono kifuani kabla ya kula, kwa hiyo shangazi alimwita Mchungaji. "Mchungaji amekuja kuchukua sadaka," alikuwa akisema, na hakumfukuza.

Aliowafukuza ni kwezi. Weusi, wenye madoa, wenye kelele, waliteremka kumi kumi na kumaliza mafuta kwa dakika. Kwao alikuwa na mwiko wa mbao uliokaa dirishani, wa kugongea kioo. "Wahuni nyie! Nendeni mjini kwenu!"

Mjomba Einar alipokufa, shamba likakodishwa, kisha likauzwa. Mnunuzi anaishi mbali. Sidhani kama amewahi kulala usiku mmoja Nordal. Miaka mitatu iliyopita, wakati wa mapukutiko, mashine zake zililima malisho yale yaliyokuwa hayajaguswa na jembe tangu dunia iumbwe. Masika yaliyofuata palipandwa kanola, mmea wa mbegu za mafuta unaochanua njano hadi upeo wa macho, rangi ya kile kifua, lakini hakuna aliyeimba. Kipozamataza hujenga chini, ndani ya nyasi za mwaka jana. Pasipo nyasi hana nyumba. Karatasi ya posta ilikuwa na majina ya watu wengine, wa upande wa mtoni. Katika daftari la shangazi mistari miwili ilikuwa na mwaka bila tarehe.

Msimu wa mapukutiko uliopita shangazi aliteleza kwenye ngazi za mlango wa nyuma akalala pale kwa saa nzima. Alikuwa na miaka themanini na mmoja. Binti yake, Marlys, akaja kutoka Calgary na vipeperushi vya nyumba ya wazee ya mjini, ile iliyo karibu na shule ninayofundisha. Tulikaa watatu mezani.

"Mama, chumba kipo. Kina dirisha."

"Hata jela ina dirisha."

"Mama, tafadhali."

Shangazi alizungusha kikombe chake muda mrefu. Kisha akasema, "Nitakwenda. Kipozamataza akiimba tena uani kwangu, mwezi unaofuata nitakwenda, na sitalalamika."

Marlys aliondoka hapa akiwa na miaka kumi na nane na ndege wote kwake ni ndege. Alishusha pumzi, akamkumbatia. Mimi nilitazama nje, kwenye udongo mweusi uliolimwa. Shangazi aliniona, akarudi kwenye kikombe chake.

Basi Jumamosi moja mwishoni mwa Machi, saa moja asubuhi, simu yangu ililia.

"Signe! Amekuja!"

"Nani, shangazi?"

"Nani? Mtoto wewe, unaniuliza nani! Yupo juu, anaimba. Ameimba mara nne. Mara nne, Signe! Nimeshampigia Olena."

Sauti yake ilikuwa ya msichana. Niliendesha kilomita arobaini kwenye barabara yenye barafu haraka kuliko ilivyofaa.

Nilipofika alikuwa kwenye simu tena, ameiweka kwa sauti kubwa kama anavyofanya siku hizi, na Olena alikuwa akimtania.

"Haya bibi, nimekuandika kwa wino mwekundu. Wa mtoni wamenuna. Wanasema labda umesikia birika lako."

"Waambie birika langu haliimbi vizuri hivyo. Na wewe mwenye mume wa mluzi, usinichekeshe."

"Mimi nimeoka mara tatu na sijafa, Torborg. Wewe siku yako haijafika tu."

"Itafika nikiwa kaburini!"

Nilitoka nje kujaza mbegu, kazi yangu ya kila Jumamosi tangu alipoanguka. Hewa ilikuwa kali na safi. Nilikuwa nimeinama juu ya gunia nilipousikia, maji yale yakimiminwa, na macho yangu yakajaa kabla sijajua. Nilikuwa na miaka saba tena, na mjomba Einar alikuwa hai, ameshika kofia yake. Miaka ile yote ilikuwa ndani ya noti saba za wimbo.

Halafu, mara tu wimbo ulipokwisha, nikasikia kitu kingine. Tiki-tiki-tiki, nyembamba sana, kisha mlio kama bawaba ya mlango wenye kutu. Kisha wimbo tena. Kisha bawaba.

Nikainua macho. Juu ya nguzo ya umeme, jua likiwa nyuma yake, alikaa ndege mweusi mwenye madoa, akitikisa mabawa huku akiimba.

Nafundisha sayansi. Najua kwamba kwezi huiga anachosikia, na kwamba sikio la mtu mzima hupoteza kwanza sauti nyembamba. Tiki-tiki ile na bawaba ile, shangazi hakuwa nazo tena. Masikio yake yalikuwa yameziacha zote, yakabakiza wimbo peke yake.

Niliingia ndani nikiwa bado sijui nitasema nini. Nikamkuta jikoni na boksi miguuni pake, anafunga vikombe kwa magazeti. Furaha ya asubuhi ilikuwa imemtoka usoni.

"Nilikwishapiga simu," alisema, "ndipo nikakumbuka nilichomwahidi Marlys."

"Shangazi."

"Usinionee huruma. Nilimdanganya mtoto wangu, Signe. Wewe ulijua, nilikuona ulivyotazama dirishani. Nilijua hatakuja tena, malisho hayapo. Ndiyo maana niliweka sharti lile. Nilitaka nife hapa, kitandani pa Einar."

"Sasa kwa nini ulipiga simu?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini watu hula. "Kwa sababu nilimsikia. Ukimsikia unapiga simu."

Niliketi. Nilifikiri ningeweza kunyamaza, na mstari wa tatu katika daftari ungekuwa na tarehe, na angekwenda mjini akiamini kwamba ndege alirudi kumuaga. Ningeweza pia kumwambia, na angebaki nyumbani kwake, lakini akijua masikio yake yamekwisha. Huyu ni mwanamke aliyeandika miaka miwili bila tarehe wakati hakuna ambaye angemkagua.

"Si kipozamataza," nilisema. "Ni kwezi. Anamwiga."

Shangazi aliweka kikombe chini, akavaa buti za Einar na koti juu ya aproni, akatoka. Nilimfuata. Alisimama katikati ya uwanja, kichwa kimeinama upande mmoja kama anavyofanya kigogota.

Ndege akaimba.

"Sasa hivi," nilimwambia. "Baada ya wimbo. Kuna mlio kama mlango wenye kutu."

"Sisikii."

"Upo."

"Nasikia wimbo, kisha kimya. Wimbo, kisha kimya." Alikinga macho kwa kiganja, akamtazama yule mweusi kwa muda mrefu sana. "Mhuni," alisema taratibu. "Tazama anavyojitikisa. Ana umri gani huyu?"

"Siwezi kujua. Miaka minne, mitano labda."

"Na huwa wanarudi walikozaliwa?"

"Mara nyingi hawaendi mbali."

"Basi amejifunzia hapa." Alielekeza kidole kwenye shamba jeusi. "Wakati majani bado yapo. Alikaa palepale juu nikimgongea mwiko, na kumbe alikuwa anasikiliza."

Tulisimama mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. Kisha akafuta pua kwa aproni, akaingia ndani, na nikamsikia akibonyeza namba.

"Olena. Nifute."

"Nini?"

"Nifute, nimekosea. Ni kwezi."

Olena alipojibu, utani ulikuwa umemtoka. "Torborg, mama, hakuna atakayejua. Wino umeshakauka."

"Mimi nitajua. Leta viazi ukija, vyangu havitoshi."

Tulipika siku mbili. Chapati za viazi za kwao, nyembamba kiasi kwamba unaona mwanga, zilizopakwa siagi na kunyunyiziwa sukari. Mimi nilisukuma, yeye aligeuza kwa kijiti kirefu cha mama yake, na Olena alikaa akilalamika kwamba tunaziunguza. Jumatatu shangazi aliketi mwenyewe kando ya kaunta ya posta akiwa amevaa gauni la kanisani. Watu walikuja hata ambao hawakuwa na barua. Mzee mmoja wa mtoni alikula tatu, akasema, "Mama Lunde, kama ungekosea mapema tungekuwa wanene zamani." Shangazi alicheka mpaka akashika kaunta.

Tukiwa njiani kurudi, nilimwambia kile nilichokuwa nimebeba tangu Jumamosi. "Sharti halijatimia. Una haki ya kubaki. Nitazungumza na Marlys."

Alitazama mashamba yakipita. "Siku zote nilisema mwaka nitakapooka ndio mwaka wa kuwaachia wengine kusikiliza. Einar alikuwa akinicheka kwa hilo." Baadaye kidogo akaongeza, "Na nimechoka kusubiri juu ya udongo mtupu, mwanangu. Nilikuwa nasubiri ndege nikijua hana pa kutua. Huko si kusubiri."

Jioni ile alimpigia Marlys mwenyewe. Kisha akachukua daftari. Nilisoma begani mwake: *Machi 28. Kwezi, juu ya nguzo. Ameimba vizuri.* Akaniziba macho kwa mkono, kama nilipokuwa mdogo, akaniambia niongeze mafuta kwenye kikapu. Mwiko wa dirishani aliurudisha kwenye droo pamoja na mingine.

Aliondoka wiki ya pili ya Mei. Ubao wa mbegu na kikapu vilikuwa kwenye kiti cha nyuma, vimefungwa blanketi, kwa ajili ya lile dirisha la mjini. Daftari lilikuwa mapajani mwake kwanza, kisha akasema niliweke kwenye mkoba wangu, nisije nikalisahau. Nilipowasha gari alisema, "Ngoja," akateremsha kioo.

Yule mweusi alikuwa juu ya nguzo yake. Tulimsikiliza wote wawili hadi mwisho. Mimi nilisikia wimbo, na tiki-tiki, na mlango wenye kutu. Shangazi alikuwa amefumba macho, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyedondosha shati.