Zimwi la Mashine ya Posho

Siku yangu ya kwanza kazini redioni, miaka ya sabini, nilikabidhiwa wembe. Mkufunzi wa mitambo alinionyesha jinsi ya kuukata mshazari utepe wa kunasia sauti na kuuunganisha tena, ili kikohozi cha mtangazaji kisisikike. "Ukikata vibaya, msichana, nchi nzima itasikia," alisema.

Baadaye nilihamishiwa Nyeri, karibu na kwetu Skuta, kwenye studio ndogo iliyokuwa chini ya Mkuu wa Vipindi. Bwana huyo alipenda hadithi za kutisha kuliko chakula, na alikuwa na nadharia ambayo nyinyi mnaosomea utangazaji mtaitambua. Alisema kila chombo cha habari kina upande kinakoelemea. Kuna vinavyodumu lakini haviendi mbali, kama maandishi ya kwenye jiwe au hadithi ya nyanya jikoni. Kuna vinavyofika mbali lakini havikai, kama redio. Kwa hiyo hofu ya jikoni hung'ang'ania mto au mti fulani miaka na miaka, ila hofu ya redio huenea mlima wote na asubuhi imekwisha. Tungeweza kutisha watu wengi, alisema, bila kumdhuru hata mmoja.

Akaandika mchezo wa redio wa zimwi, nasi tukaurusha hewani. Ili lisikike la kweli, aliliweka Naro Moru, likisaga mifupa kwenye mashine ya posho karibu na daraja. Hakujua kwamba mashine ya namna hiyo ipo kweli pale.

Mwenye mashine alikuja studio, Mama Wanjirũ, mjane, kitambaa kichwani na unga mkavu bado kwenye viatu. Alisema wateja wote sasa wanasagia Kiganjo, na watoto wanapita upande wa pili wa barabara.

"Mimi siogopi hiyo zimwi yenu," alimwambia Mkuu. "Lakini mahindi haiji. Nitalisha watoto na nini?"

Nilimwonea huruma mpaka chai ikanishinda. Tuliomba radhi hewani kabla ya taarifa ya habari, mara mbili. Haikusaidia kitu. Walioisikia radhi hawakuwa wamesikia mchezo, na waliosikia mchezo walikuwa shambani. Mkuu akatuambia kwamba maneno yetu yalipita, ila jina la mahali lilibaki, na sasa hofu imekuwa ya jikoni. "Hii hatuwezi kuitoa na redio," alisema. "Twendeni huko."

Tulienda siku ya soko na Kamau, mwigizaji wa zimwi, ambaye Jumapili alikuwa mwimba besi kanisani. Alisimama mlangoni mwa mashine akaanza hadithi upya, watu wakiitikia kama nyumbani. Zimwi lake safari hii lilikuja na njaa, likaambiwa lipange foleni, likapanga. Alipomaliza, alitamka maneno ya kufungia hadithi, ya kwamba imeishia hapo hapo, yale ambayo Mkuu aliyakata redioni ili kubana muda, na soko zima likayarudia. Kisha akamimina mahindi yake kwenye mashine na kuuliza kwa sauti ile nzito, "Sasa ni nani ako nyuma yangu?"

Mwanamke mmoja akacheka, akainua debe lake, akasogea. Wengine wakamfuata. Mama Wanjirũ alivuta mkanda wa injini, na nilipousikia ule mlio nililia kwa furaha mbele za watu.

Nilifanya kazi Nanyuki na Meru pia, hadi nikastaafu. Tepu zangu karibu zote zilifutwa ili zinasiwe mambo mengine, ndivyo ilivyokuwa desturi. Mwaka jana nilipitia Naro Moru. Mjukuu wa Mama Wanjirũ ndiye anayesaga siku hizi, na alinisimulia, bila kujua mimi ni nani, habari za zimwi lililopanga foleni mlangoni mwa nyanyake. Alisimulia yote, mpaka maneno ya kufungia. Siku ile ya soko sikuwa nimebeba kinasa sauti.