Msumari wa Bwana Yusufu

Binti yangu ameweka mlangoni mkeka mpya wa kufutia miguu, ule unaosukwa kwa nyuzi za makumbi ya nazi. Ukiloa mvua hutoa harufu nzito, kama gunia kuukuu lililolazwa jikoni, na kila nikiipata harufu hiyo mimi hukasirika. Wajukuu hucheka: "Babu anaugombeza mkeka." Siugombezi mkeka. Nagombana na mjomba wangu Barasa, ambaye amekwisha kufa, na mtoto mmoja mjinga sana wa Tororo, ambaye ndiye mimi.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mpya. Baba yangu alikuwa mtunzaji wa uwanja wa kriketi pale Tororo. Sisi ni Wasamia wa Dabani, watu wa muhogo na wimbi. Kriketi tuliikuta mjini kama tulivyozikuta taa za umeme. Katikati ya uwanja palikuwa na ukanda wa udongo ulioshindiliwa, na juu yake ulitandikwa mkeka mrefu wa makumbi. Jumamosi alfajiri baba na mimi tuliukunjua, tukauvuta, tukaupigilia pembeni kwa misumari mirefu, umande ukitulowesha mpaka viwiko.

Kazi yangu hasa ilikuwa ubaoni. Ubao wa matokeo ulikuwa na misumari ya kutundikia mabati yaliyoandikwa namba. Wavulana wakubwa walitundika mikimbio, ndiyo mabao ya kriketi, na idadi ya wapigaji waliotolewa. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mdogo wao, nilipewa msumari wa chini kabisa, wa bai. Bai ni mikimbio ya bure: mpira unampita mpigaji, unampita na mlinda wiketi, mdakaji aliyechuchumaa nyuma yake na ya vile vijiti vitatu, na wapinzani wanakimbia kujipatia mikimbio wakati watu wanaufukuzia. Kila ilipotokea hivyo, nilipanda kigoda nikabadilisha bati langu, na uwanja mzima ukanitazama.

Taabu ilikuwa kwamba mlinda wiketi wa Tororo alikuwa Bwana Yusufu.

Alikuwa muuza vitambaa, mtu mwembamba mwenye mvi masikioni. Alichuchumaa nyuma ya wiketi kana kwamba anangoja mteja, na mpira ukaingia katika glavu zake kama kuku anavyorudi bandani jioni. Hakuruka. Hakupiga kelele. Mpira uje juu, uje chini, uje umepinda, ulimkuta pale pale. Wavulana wenzangu walihangaika na mabati yao mpaka jasho likawatoka, nami nikakaa chini ya msumari mtupu nikifukuza nzi. Nilimchukia Bwana Yusufu kwa moyo wangu wote.

Ndipo timu moja ya Kampala ikaja kucheza kwetu, na mlinda wiketi wao alikuwa kijana mrefu ambaye watu walimwita Paka. Jamani, yule aliruka! Mpira ukienda kushoto, yeye alijirusha kushoto, akabingirika, akainuka na vumbi mpaka kwenye nyusi. Watu walimshangilia. Mara nyingine mpira ulikuwa umekwisha kupita, lakini nani aliutazama mpira? Siku ile nilipanda na kushuka kigoda changu mpaka suruali ikapasuka. Nilirudi nyumbani nimechoka, nimefurahi, na nimekata shauri: Paka ndiye anayestahili kulinda wiketi ya Uganda.

Haukupita muda, ikasikika kwamba timu ya taifa ingechaguliwa kucheza na Kenya, na kwamba glavu zingekwenda kwa mmoja wa hao wawili. Mji ukagawanyika, na nyumba yetu pia. Bwana Yusufu alikuwa anakaribia umri wa kustaafu mchezo. Mwaka ule ukimpita, basi. Alikuwa amemwambia baba: "Nikichaguliwa, mzee, twende wote Kampala, wewe na kijana wako. Mkeka wa kule nao utazamwe na mtu anayejua." Baba, ambaye hakuwahi kufika Kampala, alianza kuvipaka rangi viatu vyake vya kanisani kila jioni.

Kwa hiyo alimtetea Bwana Yusufu usiku na mchana, na alimtetea vibaya. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote.

"Yusufu ni mtu ya maana," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, ambacho mimi, wewe na yeye wote walikuwa "na". "Nasalimia kila mtu. Duka yake nafungua mapema."

"Lakini baba, kriketi?"

"Si nakwambia ni mtu ya maana!"

Mama, akipepeta wimbi, alisema tuache kelele, kizuri chajiuza.

Mshirika wangu mkubwa alikuwa Mjomba Barasa, kaka yake mama. Alikuwa na hoteli ya chai Busia, upande wa Kenya, na siku hizo kuvuka mpaka kulikuwa kama kuvuka ua wa jirani. Tulipokwenda kumsalimu Jumapili, hata kabla hatujaketi alianza: "Shemeji, mmemchagua Paka? Wallahi mchagueni! Sisi Kenya tukimwona Paka pale tutafurahi sana. Huyo Yusufu wenu ni nguzo ya stima. Hatingishiki."

"Na mpira napita?" baba akafoka. "Sema! Napita?"

Ilikuwa hoja pekee ya maana aliyowahi kuitoa katika ubishi ule wote, na hakuna aliyeitambua, hata yeye mwenyewe. Mara moja akarudi kwenye habari za kufungua duka mapema. Mjomba akanisogezea sahani. "Mwambie baba yako, mpwa wangu. Wewe ndiye mwenye macho." Nilimweleza baba jinsi Paka anavyoruka, na kila nilipomaliza nilipata andazi la moto. Nilimwona mjomba kuwa mtu mwenye akili kupita wote niliowajua.

Mwishowe akaja bwana mmoja kutoka Kampala, mnene, mwenye kofia nyeupe, kumtazama Bwana Yusufu akicheza. Asubuhi yote alikaa kwenye kiti cha turubai akipiga miayo. Bwana Yusufu alichuchumaa. Mpira ulikuja, akauchukua, akaurudisha. Baadaye alipokwenda yeye kupiga, alitolewa kabla hajatulia, maana kupiga hakukuwa fani yake. Wakati wa chai yule bwana alisimama barazani na kikombe mkononi, akatuuliza sote, wakubwa kwa wadogo:

"Sasa huyu mlinda wiketi wenu, leo amefanya nini?"

Naliona lile kundi mpaka leo, watu wazima waliompenda, kila mmoja akitafuta kichwani tendo moja la kusimulia asilipate. Baba alifungua mdomo. Nilijua anakwenda kutaja duka. Kwa aibu, na kwa hasira ya kukaa kutwa bila kazi, nikamtangulia.

"Hakuna!" nikapaza sauti. "Tangu asubuhi hakuna! Hajanipa kazi hata kidogo. Si mwone msumari wenyewe!"

Nikaunyoshea kidole. Ulikuwa mtupu, unang'aa juani. Watu waliangua kicheko, na yule bwana akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye viatu vyake.

Bwana Yusufu alikuwa ngazini, akivua glavu. Yeye hakucheka. Aliutazama msumari, akanitazama mimi, akaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa kidogo.

"Ahsante, mwanangu," alisema.

Nikajisemea moyoni: mtu huyu hata akitukanwa haelewi!

Akachaguliwa Paka. Baba alivirudisha viatu chini ya kitanda.

Siku ya mechi tulikwenda kusikiliza redio ya mjomba. Kiingereza cha mtangazaji kilinishinda mbio, lakini jina la Paka nililisikia vizuri, kwa sababu halikukoma kutajwa. Kila lilipotajwa nilipiga makofi. Jambo la ajabu, hoteli nzima ilipiga nami, Wakenya watupu, wengine wakigonga meza kwa vikombe.

"Paka tena!"

"Mpeni mtoto mandazi mengine!"

Baba chai yake ilipoa mbele yake. Mwisho alisimama, akasema, "Nyumbani." Mjomba alitusindikiza mlangoni akijifuta machozi ya kicheko.

"Usikasirike, shemeji. Si nilikwambia wazi? Nilisema sisi Kenya tutafurahi."

Baba alinigeukia mimi.

"Na wewe," alisema, "napigia nani makofi?"

Nilimwuliza njia nzima ana maana gani, na njia nzima alitembea mbele yangu akitikisa kichwa. Alikuwa amekwisha kuchoka na sisi sote.

Sekondari nilipewa glavu kwa sababu ya ufupi wangu. Mpira wa kwanza ulinipita kama upepo. Nilipoinua macho nikiwa naufukuzia, nikamwona ubaoni mtoto mdogo akitundika bati la bai, meno yote nje kwa furaha. Nilisimama palepale. Wenzangu walinizomea niukimbilie mpira.

Likizo ile nilikwenda Tororo moja kwa moja, hadi dukani kwa Bwana Yusufu. Ndani watu wengine waliuza mafuta ya taa na sabuni. Mmoja aliniambia familia imehamia Mbale, mwingine Kisumu. Sikumpata tena.

Mama, Mungu amrehemu, hakuniona nikimbishia, lakini methali yake imenichosha. Kizuri kilichuchumaa Tororo machoni pa watu wote, jua likikiwakia, na hakikujiuza. Kilihitaji mtu mmoja wa kusema kweli juu yake. Akapatikana, akaisema yote kwa neno moja, na alikusudia kumwaibisha. Aliyeielewa ni Bwana Yusufu mwenyewe tu.

Aliweka mkono kifuani akashukuru. Wala sikumwitikia. Nilikuwa nimekwisha kugeuka kuutazama msumari wangu, nikingoja bai.