Mashine ya mwanangu inabashiri bei ilizokwisha kuziona

Jina langu lifichwe, na mtaa pia, maana Sumbawanga tunajuana. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mjane, nalima mahindi na ulezi. Shule niliishia darasa la nne, nikikosea kuandika mnivumilie. Hili ninalowaandikia linanitia kinyaa hadi chakula hakipiti.

Kijana wangu wa kwanza alisomea mambo ya kompyuta. Ili amalize niliuza maksai wangu wa kulimia, msimu ule tukalima kwa jembe la mkono, sikulalamika. Aliporudi akaniambia, "Mama, natengeneza programu ya akili mnemba. Naipa bei za hisa za miaka ya nyuma, inajifunza, halafu yenyewe inajua hisa ipi itapanda, inanunua na kuuza." Mimi hisa sizijui, ila nilifurahi, nikamwombea.

Akaijaribu kwa hela yake mwenyewe. Ikanunua, bei ikashuka. Ikanunua nyingine, alipotaka kuiuza hakuna mnunuzi, ikabaki mikononi mwake. Akaja jikoni amenyong'onyea. Nikamsongea ugali wa ulezi, nikamuuliza, "Sasa mbona ulisema inajua?" Akanijibu, "Mama, imekariri. Ukiiuliza bei zilezile ilizojifunzia haikosei. Ukiipa za mwaka huu, inabahatisha tu." Nilimhurumia jamani. Nikamwambia pole baba, utaitengeneza taratibu, hapa nyumbani chakula kipo.

Kumbe mwenzangu ana mengine kichwani.

Jumapili iliyopita, baada ya sala ya jumuiya, aliwaita sebuleni kwangu akina mama wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Nikawamiminia togwa. Akafungua kompyuta, akasema, "Shikamooni mama zangu. Chagueni mwaka wowote uliopita, mashine ibashiri bei mbele yenu." Mama Skola, yule hakosi utani, akasema, "Iulize mwaka nilioolewa, tuone kama iliniona navyokwenda kuteseka!" Tukacheka. Wakachagua mwaka, mstari wa mashine ukapanda na kushuka sawasawa na bei yenyewe. Wakachagua mwingine, vilevile. Vigelegele! "Dada, hapa umezaa!" Mimi nimeshika jagi, sikushangilia, maana nilijua anaiuliza majibu aliyokwisha kuipa.

Walipotoka nikamfuata. "Baba, si uliniambia imekariri?"

Anakula, anacheka, mdomo umejaa. "Mama na wewe! Wale watajuaje? Wamekuona umekaa hapo, wameamini. Nikipata mtaji wao nitairekebisha mbele kwa mbele."

Nilimwangalia ule mdomo unavyotafuna, nikatoka nje. Mtoto niliyemnyonyesha mwenyewe! Wale wanawake ndio walionipalilia shamba mume wangu alipofariki, na huyu walimbeba mgongoni zamu kwa zamu. Hela anayoitaka ni ya mahindi yao, ndiyo ya mbolea ya msimu huu. Kesho yake nikamsihi aende akawaambie ukweli. Akanijibu kwa sauti ya upole, hiyo ndiyo iliyonichukiza zaidi, "Ukisema, Mama, umenimaliza. Nitavuka Kasesya niende Zambia na hutaniona tena." Tangu hapo ananiletea chai asubuhi, ananiita mama kipenzi. Siwezi kuinywa. Nawamwagia kuku.

Sasa wamekubaliana Jumapili hii watoe akiba yote wampe, wakiamini mashine itawazalishia. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu, na funguo tunashika wanawake watatu. Ufunguo mmoja ninao mimi. Bila mimi halifunguki. Nikisema nimeupoteza, watavunja kufuli, si kitu cha ajabu. Nikikataa bila sababu wataniona nina roho mbaya, na Mama Skola ameshanipigia: "Dada, usichelewe, wewe ndiye mama wa mashine!" Nikisema ukweli, namvua nguo mwanangu mbele ya jumuiya nzima, na akiondoka kweli nabaki peke yangu. Nikinyamaza, nitakaaje nao kwenye sala huku nikijua watoto wao watakosa chakula kwa ajili ya mtoto wangu?

Nyie mliozaa, nyie mnaojua hizi mashine, nishikeni mkono. Kuna namna ya kumzuia bila kumpoteza? Au nisimame tu Jumapili, nimtazame usoni na kuwaambia wenzangu, "Hii mashine haijui kitu, na mwanangu analijua hilo"? Nimekwama. Nifanye nini?