Usukani wa Kushoto

Usukani niliununua kwa mhandisi mmoja mgeni aliyemaliza mkataba wake na kuuza kila kitu, hadi mapazia. Niliufunga kwa skrubu kwenye meza nzito ya ofisi, zile meza za mbao walizokalia makarani wa kampuni enzi za baba, na mbele yake nikaweka kiti nilichokitoa kwenye taxi-bus iliyopinduka. Pedali zilikuwa zinateleza kwenye saruji kila nikikanyaga breki, kwa hiyo nilizizuia kwa matofali mawili. Chumba chetu cha mbele pale Panda, mtaa wetu wa Likasi, kikakosa nafasi ya wageni, na hilo halikunisumbua hata kidogo.

Katika mchezo huu wa kuendesha gari kwenye kioo cha kompyuta nina masharti yangu. Kioo kikae karibu, nyuma tu ya usukani. Jicho liwe ndani ya gari, kwenye kimo cha kichwa cha dereva, si pengine. Ule usukani wa kuchorwa unaoonekana kwenye kioo ufichwe, maana wa kweli ninao mkononi. Anayechagua kuliona gari lake kutoka juu na nyuma, kama mtu anayefuata mbuzi njiani, mimi simhesabu kuwa dereva. Maneno haya nimewaambia watu wengi ambao hawakuniuliza.

Kaka yangu mkubwa, ambaye kwetu tunamwita yaya, alikuwa dereva wa kweli. Kwa miaka ishirini aliendesha taxi-bus kati ya Likasi na Lubumbashi. Siku ya mahari yangu, mjomba wa mke wangu aliuliza kama mimi pia najua kuendesha, na yaya akajibu mbele ya wakwe zangu wote: "Huyu? Huyu iko na motokari ya meza. Pneu ikipasuka, anafinya bouton." Walicheka, wakiniona nikiponya tairi kwa kubonyeza kitufe, mpaka baba mkwe akapangusa machozi. Mimi pia nilicheka. Neno lile nikalimeza, likakaa tumboni miaka miwili.

Kisha alikuja mwenyewe. Kampuni moja ya mgodi ilikuwa inatafuta madereva wa malori ya mawe: mkataba wa kudumu, matibabu ya mke na watoto, viatu vya kazi. Lakini kabla ya kukugusisha lori, walikukalisha kwanza kwenye mashine yenye kiti, usukani na vioo vitatu, na mwalimu nyuma yako akitoa maagizo. Mtihani ulikuwa mmoja tu. Ukianguka, hurudi. Na waliotimiza miaka hamsini hawakuwapokea; yaya alikuwa amebakiza miezi mitatu.

"Mudogo yangu," alisema akiwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, "miye ninakuya kujifunza kwa ile meza yako."

Nilimwacha asimame pale mpaka nikamaliza kuzunguka uwanja wa magari kwenye kioo. Hayakuwa mashindano. Nilikuwa peke yangu barabarani.

Siku ya kwanza yote tuligombana juu ya kukaa. Alitaka usukani ulale chini, karibu na magoti, kama wa basi lake. Alitaka kioo kiwe mbali. Alitaka alione lori lote kwa nje, nikamwambia kwenye mtihani hawatamtundika angani kama popo. Nilipomweka ndani ya lori akaona mikono ya kuchorwa imeshika usukani, akaikazia macho. "Ile mikono ni ya nani?" akauliza. Nikaifuta. Nilipanua uwanja wa macho mpaka vioo vya pembeni vikaonekana, akasema barabara sasa inakimbia sana. Nilipoupunguza, akasema amefungwa ndani ya sanduku. Kila alichosema nilikiita upumbavu, na vingine havikuwa upumbavu.

Shida yake ya kweli ilikuwa nyingine. Magari yetu mengi yana usukani upande wa kuume, ya kutoka Japani, nasi tunaendesha upande wa kuume wa barabara. Dereva anakaa upande wa mtaro, na lori likiwa mbele yake haoni chochote cha upande wa pili. Ndiyo sababu abiria wa mbele, yule wa kushoto, ni jicho la dereva. Awe padri au muuza mkaa, akikaa pale ana kazi. Dereva anauliza kama njia ni tupu, "Iko libre?", abiria anachungulia na kujibu, na watu kumi na wanane wanapita juu ya neno la mtu wasiyemjua. Katika miaka ishirini yaya hakuwahi kudanganywa.

Malori ya mgodi lakini yana usukani wa kushoto. Nikamwekea hivyo hivyo, kwenye barabara yenye magari ya kwenda na kurudi. Aliona kila kitu mbele yake, wazi kabisa. Hata hivyo kila alipokuta gari la polepole aligeuza shingo kushoto, kwenye dirisha tupu la lori, ambapo chumbani mimi nilikuwa nimekaa kwenye kistuli changu, akauliza, "Iko libre?"

Mara ya kwanza nilimwambia atumie macho yake. Mara ya pili pia. Mara ya tatu basi lilikuwa linakuja, naliona, na nikamjibu kwa upole: "Pita, yaya."

Akapita. Basi likamvaa uso kwa uso. Usukani una mota ndani, ukigonga unageuka kwa nguvu, na ukampiga kidole gumba. Nilicheka. Naye alicheka, akidhani nimekosea.

Nilijiambia kwamba namfundisha. Swali lile lazima life kabla ya mtihani, na dawa ni kumfanya aogope kuuliza. Ndivyo nilivyosema kwa watu, na lilikuwa na akili ndani yake. Ila ukweli ni kwamba nilifurahi. Nilifurahi kuona mtu mzima aliyezeekea barabarani anakufa mbele yangu mara kumi kwa alasiri moja, kwa sababu tu ananiamini.

Jumapili baada ya ibada niliwaita watu. Majirani, binamu zetu, hata mjomba wa mke wangu, yule yule wa siku ya mahari. Walisimama nyuma ya kiti wamevaa nguo za kanisani. Yaya akauliza, mimi nikajibu "pita", lori likalipuka, chumba kikacheka. Akauliza tena. Hakuweza kujizuia, mdomo wake ulikuwa unauliza kabla yeye hajajua. Kidole kilikuwa kimevimba.

"Weye njo uliniambia pita," alisema, safari hii bila kucheka.

"Na weye iko na macho ya kazi gani?" nikamjibu. Mjomba alicheka kuliko wote.

Kesho yake mke wa yaya alinikuta kwenye bomba la maji. Ni mwanamke mtaratibu, hajawahi kunipandishia sauti. "Shemeji," akasema, "tangu jana hakuli. Umwache kidogo."

"Ninamufundisha bure," nikamwambia. "Unataka nimulishe pia?"

Alijitwika ndoo yake akaenda.

Wiki ya tatu yaya aliacha kuuliza. Alikaa wima, kioo karibu, usukani kifuani kama nilivyotaka, macho kwenye barabara na vioo. Lori alilishika katikati ya njia yake kama amezaliwa nalo. Siku moja gari la mbele lilisimama na upande wa pili ulikuwa mtupu, nikamwambia kweli, bila hila yoyote, apite. Hakupita. Alingoja mpaka nikanyamaza, kisha ndiyo akapita. Nikawatangazia watu kwamba nimemponya, na nikajisifu kwa hilo mtaa mzima.

Siku ya mtihani alivaa shati jeupe. Habari nililetewa na mke wake jioni, nikiwa nimekaa mezani kwangu. Aliniambia kwamba yaya aliendesha vizuri kuliko wenzake wote, mpaka palipotokea lori bovu limesimama katikati ya njia yake. Mwalimu, nyuma yake, akamwambia njia ni nyeupe, pita. Yaya aliiona kuwa nyeupe. Akasimama. Mwalimu akarudia. Akaendelea kusimama. Mwalimu alisema mara ya tatu, kwa ukali, na wengine waliokuwa wanangoja zamu wakaanza kucheka nyuma, na yaya akakaa pale nyuma ya lori bovu, mikono kwenye usukani, mpaka saa ikaisha. Kwenye karatasi waliandika kwamba anasitasita na hafuati maagizo.

Nilicheka. Sina namna ya kuliandika hilo likawa zuri. Nilimwona akilini yaya na shati lake jeupe amesimama nyuma ya lori la kuchorwa, na kicheko kikanitoka kabla ya kitu kingine chochote.

Shemeji alingoja nimalize. "Anasema ile sauti ilikuwa yako," akasema. "Anasema alijua ni mwalimu, lakini alisikia yako."

Ile miezi mitatu ikaisha, naye akatimiza hamsini. Akaendelea na taxi-bus ya watu. Nilitaka kumwomba radhi, na aibu ilikuwa inanila kweli, lakini kila nilipofika kwake nilijikuta naongea habari za mvua au za umeme. Nikaona heri nisafiri naye. Njiani kuna muda wa kutosha, na dereva hawezi kukuondokea.

Nilifika kituoni asubuhi. Gari lilikuwa limejaa nyuma isipokuwa nafasi moja, na kiti cha mbele kushoto kilikuwa kitupu. Nikafungua mlango wake.

"Pale iko na muntu," yaya alisema akitazama mbele.

"Nani?"

"Atakuya."

Nikakaa nyuma. Tulingoja. Abiria walinung'unika, wawili wakashuka wakapanda gari lingine, na bado yaya hakuondoa gari. Mwisho akatokea mama mmoja mwenye beseni tupu, anakwenda Kapolowe kununua samaki. Aliuliza nauli kama mtu asiyemjua dereva. Yaya alishuka mwenyewe, akazunguka, akamfungulia mlango wa mbele.

Tulipotoka mjini tulikuta lori la chokaa linajikokota mbele yetu. Nilikuwa nimekaa dirisha la kushoto, nyuma ya yule mama, na niliona barabara ni tupu mpaka kwenye kona. "Yaya, iko libre," nilisema. Alibaki nyuma ya lori. Nikasema tena, kwa sauti, na watu wakageuka kunitazama. Tulimeza vumbi la chokaa kwa muda.

"Mama," akamuuliza yule wa beseni, "iko libre?"

Mama alichungulia, akasema ndiyo, na yaya akapita.